Kikuku, tandiko, shoti: Kiswahili cha mgongoni mwa farasi

Mwambie kijana aliyeanza juzi kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, hapa Usa River, akuletee tandiko. Usishangae akirudi na shuka. Kwake tandiko ni la kitandani. Kwetu ni kiti anachokalia mpandaji, na ndiko kazi inakoanzia.

Kiangazi vumbi la Arusha huzama kwenye manyoya. Piga brashi mgongo wote na chini ya tumbo unapopita mkanda, kwani chembe zikibaki husaga ngozi kama msasa. Weka tandiko mbele kidogo ya mahali pake, kisha livute nyuma ili manyoya yalale. Mpandaji akishakaa, vidole viwili au vitatu vipite kati ya tandiko na kinundu cha mabega. Mkanda ukaze kwa awamu, maana farasi wengi hukaza kifua ukiwafunga. Mtembeze dakika chache, ukaze tena. Ukiruka hatua hiyo, tandiko litazunguka nawe utajikuta upande wa tumbo.

Kikuku mjini ni pambo la mguuni, tena lenye maneno yake. Kwa farasi ni chuma cha kukanyagia. Kupima urefu, gusa kwa ncha za vidole pale ugwe wake unapoanzia: kikuku kifike kwapani. Upana uzidi kiatu kwa sentimita mbili na nusu hivi. Kikibana, ukianguka mguu hautoki na unaburutwa. Raba zenye soli nene ya meno ziache nyumbani. Vaa kiatu cha soli laini chenye kisigino kifupi.

Hatamu, yaani kamba za kumwongozea farasi, ndilo neno linaloharibu watu zaidi. Tangu enzi za chama kushika hatamu tumezoea kwamba anayezishika ameshika kila kitu, basi mgeni anazing'ang'ania. Lijamu, chuma cha mdomoni zinapofungwa hatamu, hukaa kwenye ufizi mtupu, kati ya meno ya mbele na magego. Ukivuta bila kuachia, farasi anaumia, anainua kichwa na kuongeza mbio. Vuta kidogo, achia, vuta tena.

Matiti, msicheke, ni mwendo wa mapigo mawili: mguu wa mbele kulia na wa nyuma kushoto kwa pamoja, kisha jozi ya pili. Shoti si ya umeme wala ya keshia. Ni mbio kamili, mapigo manne, na kuna nukta miguu yote iko hewani.

Ukisikia farasi ana "mikono 15", usipige hesabu ya dhiraa, utapata mnyama wa mita saba anayemzidi twiga. Mkono huu ni upana wa kiganja, inchi 4, na hupimwa kutoka ardhini hadi kwenye kinundu cha mabega. Nukta yake nayo si desimali: 14.2 ni mikono 14 na inchi 2, yaani sentimita 147.