"MCA wafutwe, gavana apate kufanya kazi"

Jumamosi, kwenye steji ya boda karibu na soko la Kibuye, Kisumu, mzee mmoja alinirudishia wimbo ule ule: "Mwanangu, hao MCA wafutwe tu, gavana apate kufanya kazi." MCA ni wajumbe wa bunge la kaunti, nami nimekuwa karani wa kamati za bunge hilo miaka tisa. Shikamoo mzee, lakini hapana.

Mara nyingi mkwamo mnaoulalamikia hata hautoki bungeni. Bajeti hupita kabla ya 30 Juni, Hazina ya Kitaifa ikachelewesha mgao, zahanati ikakosa dawa, lawama akabebeshwa MCA.

Na pale bunge linapovutana na gavana, mvutano wenyewe ndio kazi. Mwaka mmoja, saa tatu usiku, tukiwa na rundo la makadirio ya bajeti mezani, mwenzangu aliweka rula chini ya mstari mmoja: ukarabati wa zahanati ile ile, mara moja chini ya afya, mara ya pili chini ya ujenzi. Kamati ikayarudisha makadirio. Kwa wiki mbili tuliitwa wahujumu wa maendeleo redioni, na wiki mbili hizo ndizo zilizookoa pesa hiyo. Kifungu cha 179 cha Katiba hakimruhusu MCA kuwa waziri wa kaunti, ili anayepitisha pesa asiwe ndiye anayezitumia.

Lakini jamani, si kila kukwama ni usimamizi. Kamati ikikataa, sababu zikaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, mwananchi anaweza kuzisoma na kuzipinga. Wajumbe wakitoroka kikao kwa makusudi ili akidi isitimie, mswada ukaozea kwenye droo, hapo nami nakasirika pamoja na mzee wangu. Ulizeni kwanza: sababu imeandikwa wapi?

Kuna moja inayonisumbua bado. Seneti na Bunge la Kitaifa wakitofautiana juu ya mswada, Kifungu cha 113 cha Katiba kinaipa kamati ya upatanishi siku 30. Isipoafikiana, mswada unakufa. Mswada wa kawaida, sawa. Wa Ugavi wa Mapato, unaogawa pesa kati ya serikali kuu na kaunti, je? Mwaka 2019 Seneti ilishikilia shilingi bilioni 335, Bunge la Kitaifa likasimama kwenye 316, na kaunti zikaanza mwaka wa fedha bila sheria ya mgao hadi Septemba, ilipopita bilioni 316.5. Niliwahi kupendekeza mgao wa mwaka uliopita uendelee kutumika mpaka waafikiane. Sasa nasita: anayetaka kaunti zipate kidogo atanufaika kwa kukaa tu bila kupiga kura.