Kombe la Solheim: mpinzani ana usemi juu ya mpira wako

Kila Kombe la Solheim, mashindano ya gofu ya timu za wanawake, linapoonyeshwa kwenye televisheni, baa za klabu za Nairobi huniletea swali lilelile: "Refa, mbona ameokota mpira kabla haujaingia shimoni? Sasa ataandikiwa mikwaju mingapi?" Haandikiwi wowote. Hakuna anayehesabu.

Tumezoea gofu ya kujumlisha. Kenya Open ikija Muthaiga au Karen, macho yote yako kwenye ubao: nani yuko chini ya pa, yaani idadi ya mikwaju iliyokadiriwa kwa kiwanja, kwa mikwaju mingapi. Wikendi za kawaida ni Stableford ya wadhamini, yaani pointi kwa kila shimo, na hiyo pia ni hesabu ya mtu na kiwanja. Anayecheza nawe ni mwenzako wa safari tu, unamwandikia kadi, naye anakuandikia. Kombe la Solheim linachezwa kwa mechiplei, yaani upande dhidi ya upande, shimo kwa shimo, na humo aliye kando yako ana haki juu ya mpira wako. Anaweza kukusamehe puti, yaani mkwaju wa kumalizia karibu na shimo, ikahesabiwa imeingia bila kupigwa. Anaweza kukukatalia. Anaweza hata kukurudisha upige upya mkwaju uliokwisha kuingia shimoni. Mimi nimekuwa mwamuzi wa gofu kwa miaka mingi, na naamini ukielewa haki hizo tatu umeelewa kwa nini mashindano haya huwaliza wanawake ambao hawalii wakipoteza taji la mamilioni.

Kwanza mambo ya msingi, haraka. Kombe lilianza 1990 pale Lake Nona, Florida, na limebeba jina la Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya vifaa vya gofu ya PING kule Marekani. Ni Marekani dhidi ya Ulaya, kila baada ya miaka miwili kwa kawaida. Wachezaji ni 12 kila upande, siku tatu, pointi 28. Siku mbili za kwanza ni za jozi: mechi 8 za fosamu na 8 za foboli, nitazieleza hapa chini. Siku ya mwisho wote 12 wanaingia mmoja kwa mmoja. Anayelitaka kombe anahitaji pointi 14 na nusu. Aliye nalo tayari hubaki nalo hata kwa sare ya 14. Ulaya ilifanya hivyo 2023 pale Finca Cortesín, Uhispania.

Kila shimo ni ugomvi wake. Ukilichukua kwa mikwaju 3 dhidi ya 9 ya mwenzako, uko mbele shimo moja, basi. Ndiyo maana mtu aliyezama bwawani haendelei kupiga ili kupata idadi. Anampa mpinzani shimo, wanasonga. Mwaka 2024 kule Virginia, Charley Hull wa Uingereza alimpiga Nelly Korda, namba moja wa dunia, 6 na 4, yaani alikuwa mbele mashimo sita yakiwa yamebaki manne. Kipigo kizito, lakini kiliipa Ulaya pointi moja tu, sawa na ya mechi iliyoamuliwa kwa puti ya mwisho. Marekani ilikuwa imeingia siku hiyo ikiongoza 10 kwa 6. Ilipoteza mechi za mmoja kwa mmoja kwa jumla, na bado ikatwaa kombe 15.5 kwa 12.5.

Foboli haina taabu kueleza: kila mtu na mpira wake, alama bora ya jozi ndiyo inayosimama. Ukiharibu, mwenzako anakuokoa. Fosamu ndiyo yenye nyama. Hapo jozi ina mpira mmoja, wanapokezana mikwaju, na tii, yaani mikwaju ya kuanzia, zimegawanywa tangu mwanzo: mmoja anaanzisha mashimo ya witiri, mwingine ya shufwa, hadi la 18. Nahodha makini huanza na ramani ya kiwanja, majina yanafuata. Anatazama mashimo ya pa 3 yameangukia wapi. Kama mengi ni ya shufwa, huko anamweka mwenye chuma sahihi, na yule wa dreva ndefu, fimbo ya masafa, anapewa witiri. Kisha anajiuliza ni nani atakayejikuta akipiga mkwaju wa pili mara kwa mara, na nani ataachiwa puti za mita mbili. Hata urafiki unahesabiwa, maana utalazimika kupiga kutoka vichakani mpira ambao hukuutupa huko wewe, na uso wako usionyeshe kitu. Asubuhi ya kwanza pale Finca Cortesín, Marekani ilizoa fosamu zote nne. Ulaya ililifukuzia deni hilo hadi mwisho wa siku ya pili, ilipofika 8 kwa 8.

Sasa turudi kwenye haki za mpinzani.

Loch Lomond, Scotland, 2000. Annika Sörenstam wa Ulaya anachipu, yaani anapiga mkwaju mfupi wa kuinua mpira, nje ya grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Mpira unaingia. Furaha. Wamarekani wanapima na kuona mpira wa Kelly Robbins ndio uliokuwa mbali zaidi na shimo, hivyo yeye ndiye aliyestahili kupiga kwanza. Katika gofu ya kujumlisha, kutangulia hivyo kwa kawaida hakuna adhabu. Katika mechiplei, mpinzani anaruhusiwa kuufuta mkwaju. Waliufuta. Sörenstam alirudia, akakosa, na machozi yalimtoka. Ulaya ilishinda kombe mwaka ule, lakini wanaokumbuka matokeo ni wachache kuliko wanaokumbuka chipu.

Ujerumani, 2015, kiwanja cha St. Leon-Rot, foboli, shimo la 17. Alison Lee wa Marekani anakosa puti ya kuchukua shimo, na mpira unasimama kama sentimita 45 hivi kutoka shimoni. Wapinzani wake, Suzann Pettersen na Charley Hull, wameanza kuondoka. Lee anaamini amesamehewa, anauokota. Pettersen anasema hatukumsamehe. Kikanuni jambo lilikuwa jepesi: msamaha lazima utolewe, kwa neno au kwa ishara iliyo wazi, na mtu kuondoka kwenye grini peke yake si msamaha. Kanuni ya wakati ule ilikulinda kama mpinzani alisema kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekisikia kama msamaha. Hapo ulirudisha mpira bila adhabu. Pale hakuna aliyesema kitu. Ulaya ikachukua shimo, kisha mechi. Jumla ikawa 10 kwa 6 kwa faida ya Ulaya, Marekani ikatoka na hasira, ikazoa pointi 8 na nusu kati ya 12 na kushinda 14.5 kwa 13.5. Kesho yake Pettersen aliomba radhi hadharani.

Mimi ningeamua vilevile. Lakini mwamuzi anaamua kanuni tu, na kanuni haimlazimishi mtu kudai kila alichonacho. Ni vizuri pia kujua yaliyofuata. Mwaka 2019 pale Gleneagles, Pettersen, ambaye alikuwa amepumzika kwa ajili ya uzazi, aliitwa na nahodha Catriona Matthew, na lawama hazikukosekana. Puti ya mwisho kwenye shimo la mwisho iliangukia mikononi mwake. Akaiingiza, Ulaya 14.5, Marekani 13.5, naye akastaafu papo hapo. Baadaye akawa nahodha wa 2023 na 2024.

Kisa cha tatu ndicho kilichonijazia simu ujumbe mwingi zaidi. Toledo, Ohio, 2021, foboli, shimo la 13. Puti ya Nelly Korda ya igo, yaani mikwaju miwili chini ya pa, inasimama ukingoni mwa shimo. Madelene Sagström wa Ulaya anauokota mpira na kumrudishia, kwa nia njema, akimwachia badi, yaani mkwaju mmoja chini ya pa. Kanuni inasema mpira ulioning'inia ukingoni hupewa muda wa kuufikia pamoja na sekunde 10 za kungoja. Mpinzani akiuinua makusudi kabla muda huo haujaisha, unahesabiwa umeingia. Waamuzi waliona ulikuwa ukining'inia, Korda akapata igo, Marekani ikachukua shimo, na mechi ikaisha kwa tofauti ya shimo moja. Kama ulikuwa unaning'inia kweli, watu wanabishana hadi leo. Somo kwa kina mama wa klabu zetu ni fupi: usiguse mpira wa mpinzani hata kwa wema. Sema "umesamehewa," kwa sauti, umwache auokote mwenyewe.

Huulizwa pia kama tutamwona Mkenya humo. Solheim haiwezekani, ni ya Marekani na Ulaya pekee. Hata Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini, aliyeshinda Women's Open 2022 pale Muirfield, huitazama kwenye televisheni kama sisi. Tulicho nacho ni kuwahi kuwaona njiani: Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda Magical Kenya Ladies Open ya kwanza pale Vipingo, Kilifi, Desemba 2019, na 2024 akavaa jezi ya Ulaya.

Mlango ulio wazi kwa nchi zote ni International Crown, iliyoanza 2014. Timu ni ya wachezaji wanne, na nchi huingia kwa kujumlisha nafasi za wanne wake bora katika orodha ya dunia. Uhispania, Marekani, Korea Kusini, Thailand na Australia zimeshaishinda. Nchi ya Afrika haijawahi kuingia, na sababu iko kwenye hesabu hiyohiyo: nyota mmoja hatoshi, wanne ndio wanaohesabiwa. Nchi inayopata shindano moja kubwa la wanawake kwa mwaka, au isiyopata kabisa, itawatoa wapi wanne wenye pointi?

Kwa hiyo mashindano ya 2026, yaliyopangiwa Bernardus, Uholanzi, tutayafuata kama watazamaji. Manahodha ni Anna Nordqvist kwa Ulaya na Angela Stanford kwa Marekani. Septemba wao wako nyuma yetu saa moja tu, kwa hiyo fosamu za asubuhi hazitatukosesha usingizi. Majina ya jozi yakitangazwa, tafuta kadi ya kiwanja, piga mstari kwenye pa 3 zote, kisha uone kila nahodha amempa nani shufwa.