Kwa nini mtoto mwenye pumu anaomba kukaa golini

Mzazi akiingia kliniki huniambia, "Daktari, siku hizi hajambo, hajabanwa muda mrefu." Mimi humgeukia mtoto. Usiku unalala vizuri? Kwenye mpira unacheza nafasi gani? Hapo ndipo habari yenyewe inapotoka: huamka saa tisa usiku akikohoa, anakunywa maji, anarudi kulala bila kumwamsha mtu. Mpira bado anacheza, ila aliacha ushambuliaji, sasa anaomba kukaa golini. Golini hakuna mbio nyingi.

Mtoto huyo si mzima. Amejifunza tu kuishi ndani ya pumzi alizonazo.

Pumu ni uvimbe katika njia za hewa, na uvimbe huo huwapo hata siku ambayo kifua kimetulia. Vikija vumbi, moshi, mafua au hewa ya baridi, misuli inayozunguka njia hizo hubana, ute nao hujaa. Hewa hutoka kwa shida kuliko inavyoingia, ndiyo maana ule mlio wa filimbi husikika zaidi anapotoa pumzi. Kuelekea alfajiri njia hizo husinyaa zaidi. Asubuhi mtoto aliyelala kwa vipande anasinzia darasani, na mwalimu asiyejua anamwita mvivu.

Kumwondoa kwenye michezo si tiba. Akibanwa kila akikimbia, ujue dawa haitoshi au haivutwi inavyopaswa. Paula Radcliffe wa Uingereza aligundulika ana pumu akiwa na miaka 14; mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu hadi 2019.

Balehe ndiyo hunipa kazi zaidi. Kijana hataki kuonekana na inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa, mbele ya wenzake, basi anaificha chini ya begi au anakwenda kuivutia chooni. Dawa ya kila siku anaiacha kwa sababu haimpi nafuu papo hapo kama ile ya dharura. Hapo ndipo penye hatari. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, haushauri mtu wa miaka 12 na kuendelea kutibiwa kwa salbutamol, dawa hiyo ya dharura, peke yake. Hiyo hufungua njia za hewa, lakini uvimbe inauacha palepale. Anahitaji pia steroidi ya kuvuta, inayotuliza uvimbe huo. (Wazazi husikia neno steroidi wakashtuka. Dozi ya kuvuta huhesabiwa kwa maikrogramu, na akishavuta asukutue mdomo.) Mwacheni pia aongee na daktari peke yake dakika chache. Habari za sigara ya kielektroniki hazisemwi mbele ya mama.

Dalili za hatari ni hizi: hawezi kumaliza sentensi, ngozi katikati ya mbavu inadidimia, midomo inageuka rangi. Na filimbi ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika kuhema, msishukuru. Hewa imekaribia kuacha kupita. Mketisheni wima, msimlaze. Mpeni inhela ya dharura, mpulizo mmoja mmoja, kupitia spesa (kile chombo kinachounganishwa na inhela) kama ipo, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo, bila kungoja kuona kama atatulia.