Kamati ya leseni za silaha ishauri vigezo, isiguse majina

Barua zinazonifikia huwa za mstari mmoja: mwombaji wa leseni ya bunduki apimwe kama ana akili timamu, daktari agonge muhuri. Natibu maradhi ya akili hapa Mwanza, na kila nikisoma barua ya namna hiyo naona nimeulizwa swali dogo kuliko jambo lenyewe. Wengi wanaougua maradhi ya akili hawamdhuru mtu. Kwa anayetaka bunduki, yanayonitia hofu ni mengine: ulevi, kipigo nyumbani, vitisho alivyokwisha kuvitoa, na mawazo ya kujiua. Hilo la mwisho husahaulika kabisa, ilhali watu 9 hivi kati ya 10 wanaojaribu kujiua kwa risasi hufa. Muhuri wangu hausemi lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo naunga mkono kwa moyo wote kuwa na kamati ya wataalamu ya kuishauri serikali kuhusu leseni za silaha. Ninachosisitiza ni kimoja: isipewe majina ya waombaji. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, maombi yanaanzia mtaani au kijijini, yanapanda polisi na kamati za usalama hadi kwa Msajili wa silaha. Ngazi zinatosha. Wataalamu wakianza kupitisha huyu na kumkataa yule, simu zitaanza kuita: "Daktari, huyo ni kijana wetu, msaidie." Baada ya muda hakuna atakayekumbuka kwamba kamati iliundwa kufikiri. Iachiwe vigezo: nani aulizwe nini, silaha ihifadhiwe vipi, na leseni ikaguliwe upya lini.

Chukua kambi ya wavuvi kisiwani Ukerewe. Tajiri ana mitumbwi na injini za bei mbaya, na uvamizi ziwani si hadithi, wavuvi wanaporwa injini na nyavu. Hoja yake ya kutaka bunduki ina uzito. Lakini tajiri analala Nyakato, huku Mwanza mjini. Bunduki ikivuka maji, inashikwa na mlinzi wa zamu, inalala chini ya godoro kwenye kibanda cha mabati, na watu kumi wanajua ilipo. Aliyepimwa akili ni mwingine, anayeishika ni mwingine. Fomu inayomtazama mwenye leseni peke yake haiioni kambi hiyo. Kuiona kunahitaji mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, awepo mezani, kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) kwa mfano, akae na mtunza ghala la silaha wa polisi na waambiane ukweli kuhusu kabati la chuma, kufuli na daftari la makabidhiano.

Vivyo hivyo kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwanamke akifika kulalamika kwamba mumewe kamtishia bunduki, taarifa hiyo inafikaje kwenye faili la leseni ya mume, na kwa siku ngapi? Kwangu hili ndilo swali la kwanza ambalo kamati ingepaswa kulijibu, kabla hata ya suala la kupima akili.

Wenzetu wamepita njia hii. Uingereza, baada ya mauaji ya Hungerford ya Agosti 1987 ambako mtu mwenye silaha za kibali aliua watu 16, ilitunga sheria mwaka 1988 iliyounda kamati ya ushauri wa silaha. Ilidumu hadi 2004 ikavunjwa. Mwaka 2021 huko Plymouth, kijana aliyekuwa amenyang'anywa bunduki kwa kupiga watu alirudishiwa, na wiki chache baadaye akaua watu watano. Uchunguzi wa vifo hivyo ulikuta makosa makubwa kwenye ofisi ya leseni, ikiwamo watumishi kutopewa mafunzo ya kutosha. Sisemi kamati ingeyazuia. Nasema kazi ya namna hiyo, kuangalia mafunzo ya anayeamua na kanuni ya kurudisha silaha, inahitaji wenyewe wanaoifanya mwaka hadi mwaka.

Canada ilifanya jambo ninalolipenda. Mwaka 2017 iliwaweka kwenye kamati yake, wote wawili wakiwa makamu wenyekiti, Nathalie Provost, aliyenusurika mauaji ya risasi ya mwaka 1989 kwenye chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, Montreal, na Lynda Kiejko, mlengaji shabaha wa Olimpiki. Kwetu meza hiyo ingekuwa na mwenye gobore la halali anayelinda shamba dhidi ya viboko, na daktari wa chumba cha dharura anayepokea majeruhi. Mmoja akikosekana, ushauri utaegemea upande.

Ushauri wenyewe uandikwe na utangazwe. Waziri ana haki ya kuukataa, ila atoe sababu kwa maandishi. Masuala ya kiintelijensia yabaki yalipo, hayahusiani na vigezo.

Kuna fundo moja ambalo hadidu za rejea zisilikwepe. Mgonjwa wangu mwenye leseni akiniambia amekata tamaa ya kuishi, nina wajibu wa kumtunzia siri, na bunduki iko nyumbani kwake. Nikiitoa siri hovyo, wengine wataogopa kuja kliniki. Nikinyamaza, naweza kumpoteza. Napendekeza daktari aruhusiwe kutamka jambo moja tu, kwamba silaha ishikiliwe kwa muda, bila kutaja ugonjwa, na alindwe kisheria akifanya hivyo kwa nia njema. Silaha irudishwe baada ya tathmini ya daktari mwingine, si yule aliyetoa taarifa.