Kingamwili za kutambua vijenzi vya vimeng'enya vya mitokondria katika hamira

Kingamwili ni protini ambayo mwili wa mnyama huiunda ili kukamata kitu kigeni kilichouingia. Watafiti wa hamira wameipa kazi nyingine. Sungura huchomwa sindano yenye protini ya hamira au kipande chake, na baada ya wiki kadhaa damu yake huwa na kingamwili zinazoitambua protini hiyo. Kuanzia hapo mtafiti anaweza kuuliza: je, protini hii imo katika seli zangu, na ni nyingi kiasi gani?

Kinachotafutwa mara nyingi ni kijenzi, yaani protini moja kati ya zile zinazoungana kuwa kimeng'enya kizima. Sitokromu oksidesi, kimeng'enya kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni mwishoni mwa upumuaji wa seli, kina vijenzi zaidi ya 10. Vijenzi vya Cox1, Cox2 na Cox3 hutengenezwa ndani ya mitokondria, yaani sehemu za seli ambamo upumuaji huo hufanyika, kwa maagizo ya DNA ya humo humo. Vingine, kama Cox4, maagizo yake yako kwenye kiini cha seli. Hutengenezwa nje, kisha huingizwa.

Hamira ya Saccharomyces cerevisiae inafaa mno kwa utafiti huu kwa sababu haifi ikishindwa kupumua, mradi ipate glukosi ya kuchachusha. Boris Ephrussi na wenzake walichunguza hamira za namna hiyo nchini Ufaransa katika miaka ya 1940. Walizitambua kwa koloni zake ndogo.

Kipimo chenyewe ni hiki: seli hupasuliwa, protini hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli, ndogo zikitangulia, kisha huhamishiwa kwenye utando mwembamba. Kingamwili ya kwanza hushika kijenzi, ya pili hushika ile ya kwanza na kutoa ishara, na mstari huonekana.

Ugumu uko kwenye kuusoma mstari huo. Ukifuta jeni ya Cox4, Cox2 nayo hupungua, ingawa jeni yake haijaguswa. Kijenzi kilichokosa wenzake wa kuungana nao hakiachwi kizurure; vimeng'enya vya usafi, kama Yme1, hukikatakata. Kwa hiyo mstari uliofifia hauthibitishi kwamba kijenzi hakikutengenezwa. Huenda kilitengenezwa kikaharibiwa. Hata chakula kina neno lake: hamira iliyolishwa glukosi nyingi hupunguza vimeng'enya vya upumuaji, na mstari hufifia bila kasoro yoyote ya jeni.

Binafsi siuamini mstari ambao haukuwekwa kando ya sampuli ya hamira iliyofutwa jeni husika. Mstari ukibaki pale pale hata baada ya jeni kuondolewa, kingamwili imeshika protini nyingine. Porini, protini ya utando wa nje wa mitokondria, nayo hupimwa kwenye utando ule ule wa kipimo, ijulikane kama kila sampuli ilikuwa na mitokondria kiasi kile kile.

Wapo wanaokwepa kingamwili maalumu kwa kuibandika protini alama ambayo tayari ina kingamwili yake. Kwa jeni za kiini ni kazi nyepesi. Kwa Cox1, Cox2 na Cox3 ni shughuli pevu, maana DNA ya mitokondria haibadilishwi kirahisi, na hapo ndipo kingamwili ya kijenzi chenyewe inapohitajika zaidi.