Adabu za Watazamaji Katika Ukumbi wa Sinema

Adabu za watazamaji ni kanuni, nyingi zisizoandikwa popote, zinazoongoza mwenendo wa watu filamu inapoonyeshwa: kuzungumza, kula, kushangilia, kuwasha simu au kuondoka kabla ya taa kuwashwa. Wapo wanaodhani kwamba adabu hizo ni ukimya tu, na kwamba apigaye kelele amekosa malezi, ilhali ukimya ni desturi mojawapo tu miongoni mwa nyingi.

Nchini Japani ukimya huo huzingatiwa sana, na wengi hubaki vitini hadi majina ya walioshiriki kutengeneza filamu yamalizike kupita. Hata hivyo, hukohuko yapo maonyesho maalumu, yanayotangazwa mapema, ambamo watazamaji huruhusiwa kushangilia na kupunga vijiti vya mwanga. Yaani hata kelele imepangiwa saa yake.

Chennai, kusini mwa India, hali ni nyingine kabisa. Filamu ya mwigizaji nyota Rajinikanth inapozinduliwa, mashabiki huimwagia maziwa picha yake kubwa iliyosimamishwa nje ya ukumbi, na anapojitokeza mara ya kwanza kwenye skrini hupiga miluzi, hurusha vipande vya karatasi na kucheza, kiasi kwamba maneno yake huenda yasisikike. Hilo si utovu wa adabu, kwa sababu waliokata tiketi ya siku hiyo wamekuja kushangilia, na atakaye kufuata hadithi kwa utulivu ni heri asubiri siku nyingine. Nchini humohumo, mwaka 2016, Mahakama ya Juu iliamuru wimbo wa taifa upigwe kabla ya kila filamu na watazamaji wasimame, kisha Januari 2018 ikaondoa ulazima wa kuupiga.

Afrika Mashariki inao mfano wake, nao ni kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video, ambamo watu hubanana kwenye mabenchi na filamu husimuliwa upya na mtafsiri kama Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya au VJ Jingo wa Uganda. Msimulizi mwenyewe akiwa anatia utani juu ya sauti ya waigizaji, kumnyamazisha jirani anayecheka au anayemwonya steringi, yaani shujaa wa filamu, kwamba adui yuko nyuma yake itakuwa kituko. Kinachoudhi humo ni kusimama mbele ya skrini na, zaidi ya hapo, kuwa yule aliyekwisha kuiona picha anayetangaza nani atakufa.