Eti Mombasa tuko na bandari kwa hivyo mafuta yawe bwerere? Uongo na ukweli wa bei ya petroli

Kila tarehe 14 ikifika jioni magrupu yetu hapa Mombasa yanawaka moto, picha ya jedwali la bei mpya za EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, inarushwa kila mahali na chini yake ni matusi matupu, na watu wana haki ya kukasirika jamani, lakini mengi yanayosemwa pale si kweli. Wanaoumia zaidi na huo uongo ni watu wa tuktuk na boda, mtu anatia ya mia mbili asubuhi, ya mia mbili mchana, hajui hata bei ya halali ya mtaa wake ni ngapi.

Uongo unaotembea kuliko wote ni huu: "mafuta yanasafishwa hapa Changamwe, mbona tunanunua ghali hivi?" Ndugu yangu, ile rifaineri ya Changamwe iliacha kusafisha mafuta mwaka 2013! Petroli na dizeli tunayotia inakuja na meli ikiwa imeshasafishwa huko ilikotoka, inashushwa Kipevu, pale gati la mafuta la bandari yetu, na tangu 2023 nyingi inaletwa kwa mkopo chini ya ule mpango wa serikali na makampuni ya Ghuba, Aramco, ADNOC na ENOC. Ikigusa Kipevu tayari ina bei ya dunia na ina dola ndani yake, hata shilingi yetu ikiyumba tu bei inasogea.

Halafu wanasema sawa, lakini si meli inashushia hapa, tungepata basi hata nusu bei. Hapa ndio watu wanachanganyikiwa sana. Bandari inatuokolea kitu kimoja tu, usafiri wa kwenda bara, na usafiri wa bomba la KPC, kampuni ya bomba la mafuta, mpaka Nairobi si ghali, ndio maana tofauti yetu na Nairobi inazunguka kwenye shilingi 3 kwa lita. Mkumbuke Oktoba 2023, petroli ya super Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita, sisi tulikuwa chini yake kwa kama hizo shilingi 3 na bado tulikuwa tunalia. Aliye mbali na bomba ndiye anaeumia, Mandera mafuta yanafika kwa lori baada ya safari ndefu na bei yao ndio kubwa kuliko zote kwenye jedwali. Lakini ushuru hauangalii uko wapi. VAT iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, levi ya barabara iliyofika shilingi 25 mwaka 2024, levi ya maendeleo ya petroli shilingi 5.40, zote Mombasa unalipa kama Mandera, Kisumu na Voi. Kwa hivyo ukitaka kugombana kuhusu bei gombana na ushuru na dola, bandari haina kosa.

Kuna wale wana jamaa Marekani, wanasema kule bei ni moja nchi nzima. Si kweli hata kidogo, kule ushuru wa serikali kuu ndio mmoja, senti 18.4 kwa galoni na haujaguswa tangu 1993, halafu kila jimbo linaongeza wake, ndio sababu California ni ghali na Texas ni nafuu. Na wanaosema kule kila mtu anajitilia mwenyewe, New Jersey imekatazwa na sheria tangu 1949, unakaa ndani ya gari unatiliwa kama hapa, na Oregon waliruhusu jimbo zima mwaka 2023 tu.

Turudi kwetu. "Bei ya EPRA ndio bei." Hapana, ile ni bei ya JUU KABISA. Tangu Desemba 2010 utaratibu ni kwamba sheli hairuhusiwi kupita pale, lakini kushuka inaruhusiwa na hakuna anayeikataza, ndio unaona sheli zingine ndogo zinauza chini kidogo kuvuta watu wa matatu. Na hapo hapo unazaliwa uongo mwingine, kwamba ya bei nafuu lazima imechanganywa na mafuta ya taa. Zamani ule mchezo ulikuwa na faida kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi sana, mwaka 2018 yakawekewa levi ya shilingi 18 kwa lita makusudi kuua hiyo biashara. Sisemi wezi wameisha, nasema punguzo la shilingi moja peke yake si ushahidi.

Sasa hii wengi hawaijui: Mombasa haina bei moja. Fungua lile jedwali, utaona Mombasa ina mstari wake na Likoni ina mstari wake, Kilifi wake, Kwale wake, Malindi wake, Lungalunga wake. Yani ukivuka feri tu umeingia bei nyingine, tofauti ni ya senti lakini ipo na ni halali, kwa hivyo usimvae kijana wa pampu wa Likoni ukimwambia anakuibia kwa sababu umeona bei ya kisiwani. Ukiwa na shaka piga *363# uone bei ya pale ulipo, halafu ndio uongee.

Kutia mafuta alfajiri eti yako mazito unapata zaidi? Tangi la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki kihivyo kati ya saa kumi na moja asubuhi na saa nane mchana. Lala tu.

Kuibiwa kwenyewe mara nyingi kunatokea machoni pako. Mteja wa kwanza katia ya mia tatu, nozo haijarudishwa vizuri mahali pake, mita bado inasoma 300, wewe unasema ya mia tano huku unaangalia simu, anaendelea kutoka pale pale na wewe umepata ya mia mbili. Angalia sufuri kwanza. Shuka kwenye tuktuk uangalie, hakuna aibu.

Na hiyo simu yenyewe, watu wanaamini ikilia tu sheli inalipuka. Moto mwingi uliochunguzwa Marekani wakati wa kutia mafuta ulitokana na umeme tuli, mtu anaingia kwenye gari, anajisugua na kiti, anatoka anashika nozo, tena sana sana msimu wa baridi hewa ikiwa kavu. Hata hivyo bango likisema zima, zima. Ila kinachonikera ni mtu amezima simu na injini ya boda inanguruma, wakati injini moto na sigara ndio hatari kubwa pale. Na wenye vidumu, weka kidumu chini kwenye sakafu ndio kijazwe, usikijaze kikiwa juu ya kiti au ndani ya buti, plastiki inakusanya huo umeme tuli na hauna pa kwenda.